Ng'ombe Waliofika Sokoni

Msomaji wangu, Alhamisi nilipigiwa simu kutoka Garissa: yule mtakwimu tuliyemwita Eddo, yaani shangazi, amefariki na keshazikwa. Innalillahi. Nililia, mimi mtu mzima na mvi zangu, maana mama huyo aliwahi kunipa aibu niliyoistahili.

Kabla ya safu hii nilikuwa mchambuzi wa data katika ofisi moja ya misaada. Mwaka mmoja wa ukame, wakubwa walitaka kujua kama malori ya maji yaendelee kwenda Sangailu, eneo la wafugaji huko Garissa. Nikachukua rekodi za soko la mifugo, nikazipanga kwenye kompyuta, nikachora grafu ya kupendeza: ng'ombe wa Sangailu wana afya njema. Malori yakasimamishwa. Nikajiona bingwa, we!

Eddo, mtakwimu wa ofisi hiyo, alikuwa likizoni. Aliporudi akaisoma ripoti yangu akiwa amesimama. "Wariya," akaniita, neno la Kisomali la kumwitia mwanamume, na kwake lilikuwa kemeo. "Hesabu haina kosa. Lakini hawa ni ng'ombe walioweza kutembea mpaka soko. Walioshindwa, umewaona?" Nikasema data iliyopo ndiyo hiyo. "Wewe kazi yako kuifanya iliyopo iseme. Mimi kazi yangu kuuliza imetoka wapi, na nani hayumo. Haya, ingia gari."

Sangailu tulipokelewa na harufu kwanza, kisha na mfugaji mmoja mzee, akatupeleka nyuma ya boma lake penye mizoga. "Ile nzuri naenda soko," alisema juu ya ng'ombe wake, kwa Kiswahili cha kule. "Hii nakufa hapa. Maji mlikata kwa nini?" Nilimtazama Eddo anitetee. Akaniacha nijibu mwenyewe, na wallahi nikatoa daftari, nikaanza kuhesabu mizoga.

Vijana mnaniandikia mkiuliza msomee takwimu au uchambuzi wa data, eti yote ni mamoja na siku hizi kompyuta inachora yenyewe. Si mamoja. Mchambuzi hutafuta maana katika alichonacho mkononi. Mtakwimu huanza mapema zaidi, akapanga nani aulizwe, kisha akakiri waziwazi shaka yake ni kubwa kiasi gani. Kazi zote mbili ni za heshima, ila ukiifanya ya kwanza bila adabu ya ile ya pili utaumiza watu.

Malori yalirudishwa wiki ileile, na mimi nikapanda la kwanza. Mfugaji yule alikuwa amebakiwa na ng'ombe mmoja aliyelala, pua ndani ya beseni lililojaa maji, hana nguvu ya kunywa. Kabla hujaandika kwamba hali ni nzuri, ndugu yangu, nenda kwanza.