Kulifuata Tone Moja Hadi Shika Adabu

Niliondoka Nairobi kwa ajili ya shangazi yangu, Mwanasiti. Ana presha ya macho, na daktari alimwambia wazi kwamba dawa ya matone ikishindwa kuishusha kabla ya kliniki ijayo, atapasuliwa. Shangazi kisu hukiogopa kuliko kifo. Aliniapia kwenye simu kwamba hakosi dawa, asubuhi na jioni, na presha iko palepale. Mimi chuoni nafanya utafiti wa matone: yanavyojikunja, yanavyotanda, yanavyoruka yakigonga jani. Nikajiambia, lo, sasa mimi nimekaa huku nafanya nini?

Ndani ya treni nilipanga majibu njia nzima. Jicho halina nafasi ya tone zima la chupa; la ziada humwagika shavuni au huteremkia puani hadi kooni. Huenda chupa anailaza vibaya. Huenda tone linanasa kwenye kope. Abiria wa pembeni aliponiona nimeinua chupa ya maji na kuilenga jichoni, alisogea kidogo.

Niliposhuka feri Likoni, nilipanda tuktuk hadi Shika Adabu. Shangazi alikuwa mlangoni, leso begani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wallahi umekonda! Huko kwenye matone yenu hampikiwi wali?"

Akanilisha wali wa nazi na samaki wa kupaka mpaka nikashindwa kuinuka. Nampenda mwanamke huyu, basi.

Magharibi ilipokaribia, nilimwomba atie dawa nione. Alikaa kitako, akainua uso, akavuta kope ya chini, chupa wima. Tone likaning'inia, likanenepa, likaanguka katikati ya jicho. Mashine yetu ya maabara haidondoshi vizuri hivyo. Majibu yangu yote ya kwenye treni yakaishia hapo.

Nilikuwa bado nimeduwaa aliposimama, akachukua birika na kwenda uani kutia udhu. Mikono, mdomo, pua, kisha uso mara tatu, na macho akayasugua kwelikweli.

"Shangazi!"

"Ee! Nini, nyoka?"

"Dawa umeiosha! Kila siku hufanya hivi?"

"Alfajiri na magharibi. Natanguliza dawa nisije nikasahau, kisha natawadha."

Tukatazamana. Akaiweka birika chini taratibu.

"Kumbe siku zote hizi nautibu mchanga wa uani?"

Akacheka, kisha machozi yakamtoka, na mimi nikalia naye.

Alfajiri aliswali kwanza. Alipomaliza ndipo akatia dawa, nami nikamwonyesha kubonyeza kwa kidole pembe ya jicho karibu na pua, tone lisitoroke.

"Nikae hivi mpaka lini?"

"Mpaka nikuambie."

"Umekuwa na amri wewe!" Lakini alitulia.

Nilirudi Nairobi na mfuko wa mabuyu kwa wenzangu wa maabara. Niliwaambia nilichojifunza: sisi hulipiga picha tone mpaka linapotua na kutulia, kisha tunazima kamera. Ya shangazi yalitokea baada ya hapo, na hakuna kati yetu ambaye angekumbuka kuuliza.

Juzi alinipigia simu akitoka kliniki, anahema.

"Imeshuka! Daktari kasema hapana kisu. Njoo Idi, mwanangu. Nataka nikutazame mpaka nishibe."