Pomboo, Nyuki na Mahindi ya Mama

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika. Nilikuwa nimetoka Kasigau, ambapo maji mengi zaidi niliyowahi kuona yalikuwa ya tangi la shule, nikaajiriwa msaidizi kwenye boti ya kupeleka watalii kuona pomboo, kule pwani ya kusini. Nyinyi mnaoanza kazi sasa msinicheke. Bahari haiulizi cheti.

Pomboo, kwa asiyemjua, si samaki. Hupumua hewa kama sisi, kwa tundu la utosini, na hunyonyesha mtoto wake. Nilipowaona mara ya kwanza nilimsihi nahodha tuwafuate mbio. Yeye akazima injini.

"Pomboo hafukuzwi, kijana. Tulia. Akitaka atakuja."

Wakaja. Mmoja alilala ubavu akanitazama kwa jicho moja, na mpaka leo naamini alinijua.

Watalii walipopungua nilirudi nyumbani, nikapata kazi ya ua wa nyuki. Huo ni mizinga iliyoning'inizwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka na hasira zao, naye anageuka. Lakini mzinga mtupu haumtishi ndovu, na mizinga ya shamba la mamangu yote ilikuwa mitupu, mahindi tayari yanabeba. Yakiliwa hayo, mwaka umeisha.

Kila asubuhi nilifungua nikachungulia. Mama akipita na jembe lake alikuwa akiniuliza kama wapangaji wangu wamehamia. Msimamizi wetu, mama mmoja mpole asiyependa glavu, alinikuta hapo akaniondoa mkono kwenye kifuniko.

"Paka nta ndani, funika, uende zako. Nyuki si wageni wa harusi, hawaji kwa kadi."

Nikacheka, maana ilikuwa kama namsikia nahodha wangu wa boti. Pomboo na nyuki hawafanani hata kidogo. Mmoja anatosha kwenye ukucha, mwingine ananizidi uzito. Pomboo huitana kwa miluzi, nyuki huchezeana ngoma kuonyesha maua yalipo. Pomboo huja kucheza akaondoka, nyuki huja kukaa. Ila wote wawili huwezi kuwaburuta.

Nikapaka nta, nikaenda zangu. Kundi la kwanza lilishuka kwenye mzinga wa kona, kisha mengine yakafuata.

Ndovu walikuja alfajiri, mahindi yakiwa mabichi ya kuchoma. Waya ukavutwa, nyuki wakamwagika, na yale majitu yakageuka yakipiga masikio. Mimi kwa furaha nikakimbia kwenda kuwashangilia nyuki. Wakaniuma shingoni. Midomo ikavimba, pumzi ikakatika. Zahanati walinidunga sindano, kisha nikapelekwa hospitali Voi, na huko daktari hakuzunguka maneno.

"Damu yako haipatani na nyuki. Wakikuuma tena hutafika hapa ukiwa hai."

Basi nikastaafu, kichwani sina mvi hata moja. Mama alivuna, na sasa mizinga anaikagua yeye. Jioni nakaa mlangoni, mbali na ua, nakumbuka harufu ya nta mikononi na lile jicho majini. Mama anarudi na hindi la kuchoma, ananiambia wapangaji wangu wananisalimia.

Nawatazama kwa mbali, nimetulia, kama boti iliyozimwa injini. Wakitaka watakuja. Naomba tu, ingawa nawapenda, wasitake.