Kristu wa Jicho la Isidore

Isidore Kazadi aliendesha winchi katika kiwanda cha shaba kwa miaka kumi na minane, na hakuna kitu alichokipenda kama kile kiti cha juu. Alinyanyua mabamba ya shaba kutoka kwenye mabirika ya asidi na kuyashusha taratibu, bila hata moja kugonga jingine. Basi asubuhi aliyoona kwenye kioo cha kunyolea kwamba kilengelenge kidogo cha maji kimeota juu ya weupe wa jicho lake la kulia, aliogopa. Hakikumuuma, kilimkwaruza tu kila alipopepesa. Lakini dereva wa winchi mwenye jicho bovu hushushwa kufagia sakafu. Hivyo ndivyo alivyoamini, ingawa hakuna aliyemwambia.

Akafanya kama wanaume wengi wafanyavyo, yaani upumbavu. Alivuta kofia mpaka kwenye nyusi, akaacha kumtazama mkewe, Philomène, usoni. Jumapili moja, Philomène akiwa misani, alichoma ncha ya sindano kwenye moto akakitoboa mwenyewe. Maji yakatoka, akafurahi. Baada ya wiki mbili kilirudi, kikubwa kuliko kwanza.

Ndipo akaenda kwa siri kwa Adrien, muuguzi wa zahanati ya misheni. Adrien alimwambia si jambo la kuogopa, ila amwone daktari wa hospitali ya kampuni. Ya kampuni! Isidore akarudi nyumbani amenuna, akamkuta mkewe jikoni. Habari zilikuwa zimemtangulia.

"Adrien anasema nini?"

"Anasema iko kyste mu jicho."

"Kristu?" Philomène akaweka mwiko chini. "Kristu iko mu jicho yako, baba Suzanne?"

"Kyste, mama! Kyste!"

Lakini mama alikwisha toka nje.

Kabla jua halijashuka, wanawake wa parokia walijaa uani na rozari zao, kila mmoja akitaka kuona. Isidore akajifungia chooni. Kesho yake wenzake kazini walipita chini ya winchi wakipiga ishara ya msalaba, na mimi nikikumbuka hayo nacheka mpaka mbavu ziniume. Yeye hakucheka. Msimamizi wao, Adolphe, alisimama chini akaita:

"Citoyen Kazadi, shuka!"

Shuka: neno hilohilo alilokuwa akiliogopa. Aliteremka ngazi.

"Enda ku docteur," Adolphe akasema. "Leo hii."

Daktari alimulika jicho kwa muda mrefu. Akamweleza kwamba kyste hiyo ni kifuko cha maji tu, kilichoota kwenye ngozi laini inayofunika weupe wa jicho. Si kansa, hakiambukizi, na vingine huisha vyenyewe. Ukikitoboa, maji hutoka lakini kifuko kinabaki, kwa hiyo hujaa tena. Na sindano ya nyumbani ikiingiza uchafu, jicho lenyewe linaweza kufa. Akamtia matone ya ganzi, akakikata kifuko kizima. Jicho lilipopona alimsomesha herufi za ukutani, na Isidore akazisoma zote mpaka mstari wa mwisho.

Jioni ya siku aliyorudi kwenye kiti chake, alikula bukari, yaani ugali wa kwao, kwa furaha, ila aibu ya kuchekwa na watu wote ilikuwa bado inamchoma.

"Weye na Kristu yako! Ulifanya bato bote banicheke."

Philomène alifungua kopo lake la nyuzi, akatoa sindano yenye ncha nyeusi, akaiweka mezani.

"Niliipata mu kofia yako."

Isidore akaacha kutafuna.

"Miye nilisoma Kifaransa kwa ba sœurs ba misheni miaka sita, baba Suzanne. Kyste niliisikia muzuri." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Kama ningekuambia enda, haungeenda. Ungetoboa tena."

Isidore alivua kofia akaiweka kando ya sindano. Kisha akamtazama mkewe usoni, kwa macho yote mawili.