Siku Nilipomsemea Neema Bungeni

Ningejibu tu "hapana, shemeji, goti linaniuma", leo nisingekuwa na aibu hii ya kuwasimulia. Lakini Maman Béatrice, mjane wa kaka yangu, alipopiga simu akasema binti yake Neema anaitwa bungeni hapa Ubelgiji, wabunge wamuulize maswali kabla ya kumpigia kura aingie katika tume inayoamua mfungwa gani atoke kabla ya muda wake, na kwamba "mutoto hawezi kusimama mbele ya wakubwa bila muntu wa kumusemea", nilijisikia mkubwa, nikakubali. (Kwetu Bukavu ni hivyo, binti akiitwa mbele ya wageni mzee wa familia huenda naye, na maneno ni ya mzee.)

Neema alitupokea mlangoni. "Papa, karibu, lakini huku watu wanaokaa nyuma kusikiliza hawasemi. Unasikia?"

Nikamwambia nimesikia, na kweli nilisikia.

Mlinzi akanivua mkanda kwa sababu ya ile mashine inayolia, na mimi kwa haraka ya kuwahi kiti cha mbele nikausahau pale, kwa hiyo niliingia na miaka yangu sabini na miwili, suti niliyoazima, mkono mmoja umeshika suruali.

Alijibu vizuri sana, mtoto yule. Hata wabunge waliokuwa wakitazama simu waliinua vichwa. Kisha mmoja, mama mwenye miwani, akamuuliza kama ataweza kumkatalia mfungwa huku familia yake inalia mbele yake. Neema akanyamaza. Alikuwa anafikiri, sasa najua, lakini mimi niliona mtoto amekwama, na Maman Béatrice akanisukuma kwa kiwiko: "Papa Sylvestre, simama basi, ulikuja kufanya nini?"

Nikasimama. Nikasema kwa Kifaransa changu bora kwamba mimi ni mdogo wa marehemu baba yake, na swali hilo ni rahisi, kwa sababu kilio cha familia anakijua: mimi mwenyewe nilifungwa hapa hapa Ubelgiji (niliuza magari yasiyokuwa yangu, sifichi), na Neema akiwa na miaka seize, kumi na sita, alikuja mbele ya tume kama hiyo akalia mpaka wakaniachilia. Nilidhani namsifu. Shemeji akapiga kigelegele. Mlinzi akanifikia, "Monsieur, asseyez-vous", yaani nikae, na nilipomnyooshea mikono yote miwili kumwomba dakika moja, suruali ikashuka hadi magotini.

Yule mama mwenye miwani akasubiri niivute, akamuuliza Neema: "Ni kweli ulilia?"

"Ni kweli," akasema. "Na leo ningemkatalia." Hakunitazama.

Kura hazikutosha. Wengine walisema wanamheshimu, ila wanaogopa moyo wake utavutwa upande mmoja.

Nje alivua kitambaa chake cha shingo akanifunga kiunoni, akasema "Papa, wewe nawe", akanishika mkono ndani ya tramu mpaka mtaani kwetu Forest.

Bado ananiletea sombe, kisamvu cha kwetu, kila Jumapili. Lakini walipokuja kumposa, aliyeongea kwa niaba ya familia alikuwa mdogo wangu wa Liège, na mimi nilikaa safu ya tatu, mkanda nimeukaza. Neema alikosa kiti chake kwa sababu yangu. Mimi nilipoteza haki ya kumsemea, na hiyo ndiyo kazi pekee ambayo kaka yangu aliniachia.