Watu wa Nyota Hawana Jina la Ubatizo

Mwezi uliopita binti yangu alinishtua mezani. Tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, mchana, hapa Lubumbashi ninakoishi siku hizi, na redio ilikuwa ikijisemea yenyewe dirishani. Mtu mmoja alikuwa anaeleza kwamba huko angani kuna sayari nyingi kuliko tunavyoweza kuwaza, na huenda kwenye baadhi yake kuna viumbe hai. Binti yangu, mwenye miaka tisa, akasimamisha tonge njiani.

"Mama, bale batu ba kule, Yesu alikufa pia kwa ajili yabo?"

Unajua nilimjibu nini, rafiki yangu? "Kula bukari yako, inapoa."

Alikula. Mimi ndiye niliyeshindwa kumeza. Swali lile nililiuliza mimi, kwa maneno yangu, nilipokuwa na umri kama wake kule Likasi, na mtu mzima mmoja akanifungia mlango usoni. Niliapa kwamba mtoto wangu sitamfanyia hivyo kamwe. Na tazama, nimemfanyia, tena mdomo umejaa sombe.

Nililelewa Shituru, mtaa mmoja wa Likasi, na bibi yangu, ambaye sisi tulimwita nkambo. Babu alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha shaba hadi kufa kwake, na nyumba ya kampuni ikatubakia, moja ya zile za matofali zilizojipanga mistari, mbilimbili, zikigawana ukuta. Asubuhi king'ora cha kiwanda kilituamsha wote, hata wasio na kazi ya kwenda. Upepo ukigeuka, moshi wa asidi ulitukwaruza koo na nkambo alikimbilia nguo kambani kana kwamba zinaibiwa. Kazi yangu ilikuwa kulinda mikebuka, vile visamaki vikavu, alivyovianika juu ya bati. Paka wa Shituru walikuwa wengi na hawakuwa na haya. Jumamosi tulitwanga mizizi ya kutengenezea kinywaji cha munkoyo, na hadi leo nikionja munkoyo ya kununua nasema moyoni, hii ni maji ya kuoshea sufuria.

Basi, katika darasa la tano tulikuwa na mwalimu mmoja mwembamba aliyependa chaki kuliko chakula. Siku moja alichora jua ubaoni, akachora dunia, akachora na sayari wenzake. Akasema nyota tunazoziona nazo ni majua, na labda yana dunia zake. "Na labda kule kuko mwalimu mwenzangu," akasema, "na yeye anateseka na batoto benye habasikilizake." Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilibaki mdomo wazi hadi kengele ikalia, maana katika akili yangu Mungu alikuwa ni wa Likasi, pengine na Lubumbashi kidogo. Sasa naambiwa ana watu wengine, na hakuna aliyewahi kututajia hata mara moja!

Jumamosi nikalipeleka swali langu katekisimu. Tulikaa nyuma ya kanisa, juu ya mbao zilizolazwa kwenye matofali. Mwalimu wetu wa katekisimu alikuwa mstaafu wa reli na alituendesha kama treni, filimbi mdomoni. Yeye aliuliza, sisi tulijibu kwa pamoja, na aliyechelewa alipigiwa filimbi. Ilikuwa imebaki wiki tatu nipokee Komunyo ya kwanza. Nguo yangu nyeupe ilikuwa tayari. Nkambo aliishona kwa mapazia ya sebuleni, kwa kuwa pensheni ya babu ilikuwa haijaonekana siku nyingi, na madirisha yetu yalikaa uchi, kila apitaye akiona tunachokula. Ndiyo maana Komunyo ile haikuwa yangu peke yangu.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, kama kuko batu mu nyota ingine, nani alibabatiza?"

Filimbi ikamdondoka. Wenzangu wote wakageuka kunitazama.

"Nani alikutia ile mu kichwa?"

Nikasema sijui. Sikutaka kumponza mwalimu wa shule.

"Yesu ni moja! Weye unatafuta ba Yesu ngapi?" Akaokota filimbi, akaipangusa kwenye suruali. "Komunyo yako itangojea mwaka ingine. Mpaka ile nyota itoke mu kichwa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Njia nzima nililia, na nilipofika nyumbani nilikuwa nalia bado, kwa hiyo mama jirani akasikia. Ukuta ule mmoja haukuficha kitu, hata sisi tulijua maombi yake yote kwa moyo. Alikuwa mama wa kanisa la uamsho, na mume wake alichimba mawe ya madini huko Kamatanda. Alikuja mbio, akaniuliza kisa, akashika kiuno.

"Hakuna batu kule, mutoto. Ni mashetani njo banakaaka mu hewa. Ile ulizo ni bo baliweka!"

Akanipaka mafuta kichwani na kukemea. Mafuta ya upako yalikuwa yamemwishia, akachukua ya kukaangia samaki. Nilinuka samaki siku mbili.

Nkambo alikuwa uani akichekecha unga. Nilijua fimbo inakuja. Mapazia yake yamekwenda bure, na mjukuu amefukuzwa kwa kutafuta ma-Yesu! Nikamweleza yote huku nimejiegemeza mlangoni, tayari kukimbia. Mikono yake ikasimama ndani ya unga.

"Rudilia ile ulizo."

Nikalirudia.

"Kule kwabo, batizo haiyafika?"

"Ni mbali sana, nkambo."

"Basi habana jina ya batizo."

"Banaweza kuwa nayo namna gani?"

Hapo nkambo akatabasamu. Nakuambia kweli, rafiki yangu, nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa filimbi na mafuta ya samaki. Nkambo alikuwa mtu wa rozari asubuhi na jioni, mtu aliyeweza kukutazama hadi ukaungama kosa usilolifanya. Hakupiga, hakukemea. Akaendelea kuchekecha unga na kuimba kidogo puani.

Jumatatu akafunga mayai sita ndani ya kitambaa, akanishika mkono tukaenda kwa katibu wa parokia. Kwetu, ukitaka mtu wako aombewe, unapeleka nia ya misa na kitu kidogo mkononi. Katibu alikuwa na daftari lenye orodha tatu: wafu, wagonjwa, na shukrani. Jumapili nia zilisomwa kwa sauti, na jina la mtu wenu likitajwa, familia mnasimama ili kanisa lione wanaolia. Halafu kulikuwa na sheria moja ambayo katibu aliishika kama funguo za stoo. Kwa wafu, lazima jina la ubatizo. Asiye na jina la ubatizo hasomwi. Nilikuwa nimeona watu wakirudishwa na mayai yao.

"Mu orodha gani, mama?" katibu akauliza, kalamu mkononi.

"Andika kwa bafu," akajibu, yaani wafu. "Batu ba nyota ingine."

Kalamu ikasimama. Mimi nikavuta kitenge cha nkambo. "Nkambo, habayafa! Mwalimu alisema labda bako—" Akanifinya.

"Mama, jina ya batizo?"

"Habana."

"Basi haiwezekane."

"Habana, sababu batizo haiyafika kwabo. Ni kosa yabo?" Nkambo akafungua kitambaa, akapanga mayai mezani polepole, moja, moja, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. "Kama kuko barua yenye inasema Mungu anabakataa, unionyeshe. Mi sijue kusoma, lakini mutoto anajua."

Katibu akatazama mayai. Akanitazama mimi. Akakuna kichwa, kisha akaandika. Tulipotoka nje nkambo alisema msemo wake ambao nimeushika hadi leo: "Mulango ikikataa, zungukia ku dirisha." Sikuuelewa hata kidogo.

Ikaja Jumapili. Kanisani msomaji alisoma kile Kiswahili bora cha vitabu, kwa sauti nzito. Akawataja wafu, familia moja moja zikasimama. Halafu akasita, akalisogeza daftari karibu na macho.

"Tuwaombee pia marehemu... watu wa nyota nyingine. Wanaombewa na familia yao."

Vichwa vikageuka. Padri, mzee mwenye mafua yasiyoisha, akasahau leso yake hewani. Na hapo nkambo akasimama, amevaa kitenge chake cha sikukuu. Familia yao! Nilihisi damu yote imehamia masikioni. Mtu akacheka, wa pili akacheka, benchi la watoto likaangua kicheko, na kule mbele niliona kisogo cha mwalimu wa katekisimu kikikakamaa. Nilijikunyata. Nkambo akanivuta kwa mkono wa nguo.

"Simama. Familia inasimamaka."

Nikasimama.

Nje, desturi ni desturi. Aliyesimama kwa ajili ya wafu lazima apewe mkono, hata kama hamuelewi anamlilia nani. Kina mama wakajipanga, wengine wakiuma midomo wasicheke. Mmoja akathubutu: "Pole, mama. Kabisa kabisa, ni nani alikufa?"

"Mama yangu," nkambo akajibu, na machozi yakaanza kumtoka.

Sikuwahi kuona machozi yake, hata siku ya kumzika babu. Na mama yake huyo alikufa nkambo mwenyewe akiwa mtoto! Kicheko kilikatika pale pale. Akawaambia wote, palepale uwanjani, kwamba mama yake alifia kijijini, ng'ambo ya mto Lufira, kabla kanisa halijafika kule. Yeye alipokuja kubatizwa, aliuliza mama yake yuko wapi, akaambiwa asiyebatizwa haingii. Tangu siku ile hakuuliza tena. Maisha yake yote alisikia majina ya mama za wengine yakisomwa, na yeye amekaa, kwa sababu mama yake hakuwa na jina la kuandikisha.

"Halafu mutoto akaniambia kuko batu mingi mbali sana, benye habari haiyafika kwabo," akasema. "Nikawaza, kama bale batasomwa mu misa, mama yangu ataingia katikati yabo. Hakuna mwenye atamuona."

Padri alikuwa amesimama nyuma yetu, hatukumwona alipofika. Alipenga kamasi kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mama, mbona hukuniuliza?" Nkambo akamjibu bila hasira, "Niliuliza mara moja, mon père. Balinijibu." Padri akakunja leso yake. Aliingia sakristia taratibu.

Mchana ule tulikuwa tunapika tomson, wale samaki wa barafu, mlango ukagongwa. Mwalimu wa katekisimu! Nilijificha nyuma ya mlango. Alikuja na sahani ya unga imefunikwa kitambaa, kama mtu anavyokuja nyumbani kwenye kilio. Akakaa, akatazama madirisha yasiyo na mapazia, akazungusha filimbi vidoleni.

"Mama, baba yangu alifia Kambove, mu shimo ya madini, hayabatizwa bado. Minye niko nafundisha batoto miaka yote hii, na sijue yeye iko wapi." Akaitia filimbi mfukoni. "Munaweza kumutia pamoja na bale benu ba nyota?"

Nkambo akapokea unga. "Anaingia. Nafasi iko."

Alipofika mlangoni akaniona. Alishtuka yeye, nikashtuka mimi. "Siku ya posho ukuye katekisimu," akasema, yaani Jumamosi nirudi, na akaenda zake. Nikapokea Komunyo ndani ya mapazia yale.

Basi miezi iliyofuata, watu wa nyota walikufa kwelikweli Likasi. Kila Jumapili walikuwamo katika daftari, na kila Jumapili waliosimama waliongezeka: mabibi, wastaafu, watu wazito wenye mikufu ya rozari, hadi nusu ya kanisa ilikuwa wima. Katibu aliacha kuuliza jina la ubatizo. Mara moja nilimwona mama jirani yetu, yule wa mafuta, amesimama mlangoni mwa kanisa letu na Biblia kwapani. Hakuingia, lakini msomaji alipofika kwa watu wa nyota aliinamisha kichwa.

Baada ya kushindwa kumeza tonge lile, nilimpandisha binti yangu basi tukaenda Likasi. Nkambo amelala makaburini miaka mingi sasa. Nyumba yetu imegeuzwa duka la vifaa vya simu, na ule ukuta mmoja wametoboa mlango. King'ora sikukisikia. Mwalimu wa shule, wa filimbi, padri wa mafua, wote wamekwenda. Parokiani nilikuta kijana mpole anayeandika nia kwenye kompyuta. Akaniuliza, "Marehemu ni nani, mama?" Nikamwambia. Akanitazama vizuri, kisha akaandika kama nilivyosema.

Jumapili ikasomwa. "Tuwaombee marehemu watu wa nyota nyingine. Wanaombewa na familia yao."

Nikasimama, na nikageuka nyuma nikitarajia kuona, sijui nilitarajia kuona nani. Kanisa limejaa watu, na hakuna aliyesimama. Nilishtuka kana kwamba nimepewa habari ya misiba yote kwa siku moja. Wote waliosimama siku zile, sasa wao ndio wa kusimamiwa, na kanisa zima tumebaki mimi na mtoto aliyekaa. Nyuma yetu mtu akacheka chinichini.

Binti yangu akanivuta kitenge, macho yamemtoka. "Mama, banatucheka. Tuko babili tu?"

"Ndiyo," nikamwambia, nikamshika mkono wa nguo. "Simama. Familia inasimamaka."