Photos, Bila E

Harufu ya majani ya nyanya ikinishika vidoleni, kama leo asubuhi sokoni, naiona mikono ya mama, kijani hadi kwenye kucha, siku alipoitwa shuleni kwetu.

Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba neno la Kiingereza likiishia na o, kwa wingi huongezwa es. Tukaimba tomatoes, tukaimba potatoes. Alipofika kwenye neno la picha, akaandika photoes ubaoni. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, ni photos. Haina e."

"Nani amekufundisha?"

"Imeandikwa kwa ukuta wa studio ya picha, pale Malaba."

Darasa zima likacheka. Mwalimu akaniamuru niandike photoes mara hamsini. Nikakataa. Akanipigisha magoti mbele ya ubao, akatuma mzazi wangu aitwe.

Mama alikuja moja kwa moja kutoka shambani. Kiingereza hakukijua hata kidogo. Mwalimu akamwambia mtoto wake ana kiburi, hataki kuandika alichoambiwa. Mama akainama, akaniuliza polepole, "Wewe uko na hakika?"

"Niko na hakika, mama."

Akamgeukia mwalimu. "Basi huyu haandiki. Kama ni magoti, tutapiga sisi wote wawili."

Akakunja leso yake, akapiga magoti kando yangu, mgongo wima, macho kwa mwalimu. Hakuna aliyecheka tena.

Mwalimu alichukua kifutio. Akafuta lile neno lote na kutuambia tufungue vitabu vya hesabu.

Sikuliandika hata mara moja.