Gari Tupu la Mzee Ngollo

Mzee Ngollo alikuwa ametoa neno mbele ya watu, na neno likishatoka halirudi kinywani. Alisimama mlangoni pa karakana yake pale Gongoni, mikono imelowa grisi hadi kwenye viwiko, akamwambia Karoli, mchuuzi wa asali kutoka Ulyankulu:

"Nikiifunga injini hii, haitafunguliwa tena nikiwa hai. Ikifunguliwa, njoo ubebe spana zangu zote, mimi nikaote jua nyumbani."

"Mzee, spana zenyewe zina kutu," Karoli alimtania. "Nitazifanyia nini?"

"Kutu iko machoni pako. Lete gari."

Lilikuja likivutwa kwa kamba. Lendikruza kuukuu la dizeli, lenye tabo ya kuisukumia injini hewa, lililobeba asali ya Ulyankulu tangu enzi za baba yake Karoli. Mafundi wa kabla yake walikwisha kulihukumu: ng'oa injini, leta ya mtumba kutoka Dar, maisha yaendelee. Ndivyo ilivyo siku hizi. Mtu hatibu, anatupa. Mji huu ulikuzwa na watu waliokwenda pwani na kurudi kwa miguu, na kiatu kikikatika walikishona njiani. Leo wajukuu wao wanaona uvivu kulegeza nati.

Ngollo alilegeza zote. Akaiweka injini mezani vipande vipande, akamwita Karoli aje ajionee.

"Tazama. Hili bomba jembamba ndilo linalopeleka oili kwenye tabo. Limeziba masizi, huwezi kupitisha hata sindano. Tabo inazunguka kwa kasi kuliko kitu kingine chochote humu ndani, na uhai wake ni oili. Wewe ukifika sokoni mbio mbio, unazima papo hapo. Oili inabaki mle ndani inaungua kama mafuta kikaangoni."

"Kila mtu anazima hivyo, mzee."

"Ndiyo maana kila mtu ananunua injini ya mtumba. Na themostati, kidhibiti joto cha injini, iko wapi?"

"Fundi mmoja aliitoa. Alisema nchi ya joto haiihitaji."

"Na chujio la hewa limetoboka, vumbi la barabara ya Urambo lote limeingia kusaga silinda. Karoli, gari hili halikufa. Liliuawa."

Karoli aliinamisha kichwa. Tangu hapo hakutania tena kuhusu kutu.

Kazi ilichukua kiangazi kizima, kwa kuwa Ngollo hakutaka kitu cha kubahatisha. Silinda zilisafirishwa Mwanza kwenda kuchongwa upya, zikarudi na mikwaruzo midogo iliyopishana kama wavu, ile inayoshika oili. Akaweka pistoni mpya na ringi mpya. Kila beringi aliipima, akaitoa, akaipima tena. Nati alizikaza kwa zamu, kutoka katikati kwenda pembeni, hakuna kuruka. Bomba la oili likawa jipya, themostati ikarudi kwao. Siku injini ilipowaka, ilinguruma sauti moja nzito, haina kikohozi, haina mluzi. Ngollo aliweka kiganja juu yake.

"Mwangaluka," aliisalimu kwa Kinyamwezi, kama mtu anavyomwamkia mgeni asubuhi.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Marehemu mzee Fikiri, aliyemfundisha ufundi, alikuwa akisema kwamba injini mpya ni bibi harusi, hatumwi kisimani siku ya kwanza. Ngollo aliyashika maneno hayo. Akamwambia Karoli amwachie gari mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi alizoeshe, na kila asubuhi akawa analiendesha tupu, polepole, kutoka Gongoni hadi Kwihara na kurudi. Njia ileile ya misafara. Wapagazi wa Kinyamwezi walipita hapo na pembe za ndovu mabegani, wakiimba, na leo anapita mzee mmoja na gari kubwa lisilobeba hata kuku.

Watu walikuwapo njiani. Akina mama wa Kwihara na mafurushi ya karanga, wazee wanaokwenda kliniki, wote wakiinua mkono. Ngollo alipita. Zamani, gari likipita na nafasi bila kusimama, dereva aliulizwa amelelewa na nani. Sasa magari hufunga vioo na hakuna anayeuliza. Lakini Ngollo alikuwa mtu wa zamani, na kila mkono uliobaki hewani nyuma yake ulimchoma. Alijiambia: neno nililotoa kwanza. Watanielewa baadaye.

Pelagia hakungoja baadaye. Alikuwa mjane wa Kwihara, amemzidi Ngollo miaka michache, na alikuwa akiuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, mjini. Siku moja aliliweka gunia lake katikati ya barabara, akasimama pembeni yake.

"Shikamoo, dada," Ngollo alisema kupitia dirishani.

"Marahaba. Leo umebeba nini? Upepo?"

"Dada, injini ni mpya. Haijazoea."

"Naona. Umeoa gari uzeeni, na wivu juu."

Wanawake waliokuwa nyuma yake walicheka hadi kushikana mabega. Ngollo alilizunguka gunia, akaenda zake. Aliporudi karakana, masikio yakiwa bado ya moto, aliacha injini ingurume taratibu kidogo, tabo ipoe, kabla ya kuzima, kama ilivyo desturi yake, akaenda nyuma ya gari. Akaona moshi. Mwembamba, wa buluu.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Kesho yake uliongezeka. Keshokutwa ukaonekana hata na mpita njia. Ringi hazibani ukuta wa silinda, oili inapanda kwenye moto. Na Jumamosi Karoli anakuja, na jibu la moshi ule ni moja tu analolijua kila fundi: fungua tena. Ngollo alizitazama spana zake zilizopangwa ukutani kwa ukubwa. Nyingine alirithi kwa Fikiri. Alihesabu makosa yake, hakuona hata moja. Alichongesha, alipima, alikaza, alilinda. Alilinda kama yai!

Alhamisi alikwenda Kwihara kwa mazoea tu, moyo umekufa. Pelagia alikuwa palepale na gunia lake.

"Bado hujaizoesha?" alipaza sauti. "Kwani babu yako alijifunza upagazi kwa kutembea mikono mitupu?"

Wanawake walicheka tena. Ngollo alisogea mbele kidogo, kisha akakanyaga breki katikati ya barabara.

Babu yake hakujifunza mikono mitupu. Mtoto wa Kinyamwezi alipewa kijipembe kidogo, akatembea nacho kutwa nzima, mwaka uliofuata akaongezewa. Bega hukomaa chini ya mzigo. Na ringi je? Kinachozisukuma zibane ukuta wa silinda ni nguvu ya moto, na moto mkali hauji ila injini ikivuta kitu. Yeye aliibembeleza. Ile mikwaruzo ilikuwa inalainika na kung'aa kama kioo, na ringi zinateleza juu yake bila kushika. Injini ndogo za petroli za enzi za Fikiri zilivumilia kubembelezwa. Hii ya dizeli na tabo yake iliomba kazi, naye akaipita kazi hiyohiyo kila siku ikiwa imeinua mkono barabarani.

Akarudi kinyumenyume hadi kwenye gunia.

"Pandeni," alisema.

"Mkeo ameruhusu?" Pelagia aliuliza.

"Ndiye ameniagiza. Pandeni wote, na magunia."

Siku ile na iliyofuata alibeba kila aliyeinua mkono. Mwanzo mzigo wa wastani, kisha zaidi. Kwenye vilima vya Kwihara aliiachia injini ivute kwa nguvu, akaipumzisha kwenye mteremko, akageuza, akavuta tena. Tabo ikaimba. Moshi ukapungua, ukawa uzi, na Ijumaa jioni hakuuona.

Jumamosi Karoli alikuta karakana iko wazi, gari halipo. Likaja saa ya soko, limejaa watu, magunia, na kuku wawili miguu juu.

"Mzee Ngollo! Umeligeuza gari langu basi la mnadani?"

Ngollo aliinua kidole: ngoja. Injini ikaendelea kunguruma taratibu.

"Mbona huzimi?" Karoli aliuliza.

"Inahema," Pelagia alidakia kutoka juu ya magunia. "Mpagazi anayehema hapewi maji papo hapo. Wewe hukufundishwa?"

Karoli alikwenda nyuma, akachutama, akaweka leso yake nyeupe mbele ya bomba la moshi. Akaikunjua juani. Masizi kidogo. Oili hata tone. Alibaki amechutama, akiigeuzageuza.

"Kijana, unanusa nini huko?" Pelagia alisema. "Njoo ushushe michembe."

Karoli akaja, akashusha. Kisha akampa Ngollo mikono yote miwili.

Misimu kadhaa ya asali imepita. Mafundi waliosema ng'oa wamekwisha kung'oa nyingi, na lile lendikruza bado linapanda na kushuka Ulyankulu, zito, na kila mara lina watu nyuma, kwani hilo ndilo sharti Ngollo alilompa Karoli pamoja na ufunguo. Likipita Gongoni, Ngollo hainui kichwa. Husimamisha spana hewani, akasikiliza mpaka sauti ipotee kwenye kona.

"Ile ni yangu," husema, na kurudi kwenye kazi yake.